Mshika Mbili: Upangaji wa Shahada ya Pamoja ya Uchumi na Hisabati kwa Jicho la Mwanaisimu

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna shahada ya pamoja ya uchumi na hisabati inavyoweza kupangwa katika chuo kikuu, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, ingawa hufanywa na wanauchumi na wanahisabati, ina upande wa kiisimu ambao aghalabu husahauliwa. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na methali hiyo ndiyo hutajwa kwanza kila linapozuka pendekezo la kuunganisha masomo mawili katika shahada moja. Wanaoitaja wana haki ya kusikilizwa. Hata hivyo, methali haisemi kwamba vitu viwili haviwezi kushikwa. Inatuonya tu kwamba anayevishika bila mpango hupoteza kimojawapo.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alialikwa katika kamati ya chuo kimoja iliyokuwa ikiandaa shahada ya namna hii. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo: kutayarisha faharasa ya istilahi kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Rasimu ya mtalaa aliyoikuta mezani ilikuwa na safu mbili. Katika safu ya kushoto ziliorodheshwa kozi za uchumi, na katika safu ya kulia kozi za hisabati, nusu kwa nusu, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Katika kutafuta maana za istilahi kutoka kozi hadi kozi, ikadhihirika kwamba maneno mengi yalitumiwa upande wa kushoto muhula mmoja au miwili kabla ya kufasiliwa upande wa kulia. Na mengine yalifasiliwa pande zote mbili, kwa maana zisizolingana.

Hoja ya makala haya inatokana na tukio hilo. Tunadai kwamba shahada ya pamoja haipangwi kwa kugawana idadi ya kozi, bali kwa kupanga mfuatano wa dhana. Na kwamba njia iliyo nyepesi zaidi ya kuuona mfuatano huo ni kufuatilia istilahi: ni wapi neno linafasiliwa, ni wapi linatumiwa, na je, linapovuka kutoka idara moja kwenda nyingine, linabaki na maana yake?

2.0 Kukutana kwa Taaluma Mbili

Kabla ya kuzungumzia mpango, inafaa tujiulize kwa nini taaluma hizi ziunganishwe. Uhusiano wake si wa jana. Mwaka 1838, Mfaransa Antoine Augustin Cournot alichapisha kitabu kilichoeleza bei na ushindani kwa kutumia fomula, wakati ambapo wanauchumi wengi waliandika kwa maneno matupu. Mwaka 1930 kilianzishwa chama cha kimataifa cha wataalamu waliotaka kuunganisha nadharia ya uchumi, hisabati na takwimu. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Ragnar Frisch wa Norway. Tuzo ya kwanza ya Nobel ya uchumi, iliyotolewa mwaka 1969, ilikwenda kwa Frisch huyo pamoja na Jan Tinbergen wa Uholanzi. Baina ya tarehe hizo, Paul Samuelson wa Marekani alikwisha kuchapisha, mwaka 1947, kitabu kilichoijenga upya sehemu kubwa ya nadharia ya uchumi juu ya msingi wa kalkulasi.

Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yetu, ni ule wa Leonid Kantorovich. Huyu alikuwa mwanahisabati wa Leningrad. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliletewa swali na watu wa viwanda vya mbao: wana mashine za aina mbalimbali na malighafi za aina mbalimbali, kila mashine itumike kwa kazi gani ili mazao yawe mengi iwezekanavyo? Katika kulijibu swali hilo, kwa kazi aliyoichapisha mwaka 1939, Kantorovich alibuni mbinu ambayo leo inafundishwa katika kila idara ya hisabati tumizi. Zaidi ya hayo, hesabu zake zilitoa namba ambazo hakuzitafuta: kila saa ya mashine ilipata thamani yake, yaani kiasi ambacho mazao yangeongezeka kama saa moja zaidi ingepatikana. Wanauchumi waliitambua namba hiyo. Kwao ilikuwa ni bei, japo hapakuwa na soko. Mwaka 1975 Kantorovich alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Hapa tunaona kitu kimoja kikiwa na majina mawili, na maendeleo makubwa yakipatikana pale wenye majina hayo mawili walipogundua kwamba wanasema jambo lilelile.

Lakini pia iko sauti ya tahadhari. Alfred Marshall, aliyeshika nafasi ya pili katika mtihani wa hisabati wa Cambridge mwaka 1865 na ambaye juhudi zake zilizaa shahada ya uchumi ya chuo hicho mwaka 1903, alimwandikia mwanatakwimu Arthur Bowley mwaka 1906 akimshauri aichukulie hisabati kama mwandiko wa mkato: aitumie mpaka amalize kazi, kisha atafsiri matokeo yake kwa Kiingereza, ayatolee mifano yenye uzito katika maisha, halafu hisabati yenyewe aichome moto. Si lazima tukubaliane na habari ya moto. Linalotuhusu ni kwamba mwanauchumi huyu aliyebobea katika hisabati aliiona tafsiri kuwa sehemu ya kazi ya mwanauchumi. Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, ambaye baina ya fomula na maisha ana Kiingereza na Kiswahili, tafsiri hiyo ina hatua mbili.

3.0 Maana ya Shahada ya Pamoja

Neno “pamoja” lenyewe linahitaji kufasiliwa, kwa kuwa mipango ya aina tatu huitwa kwa jina hilo. Aina ya kwanza ni ile ya somo kuu na somo dogo: mwanafunzi ni mwanauchumi, ila amechukua kozi chache za hisabati. Aina ya pili ni ya masomo mawili yanayokwenda bega kwa bega bila kukutana: Jumatatu mwanafunzi ni mwanauchumi, Jumanne ni mwanahisabati. Aina ya tatu ni ile ambamo masomo mawili yamesukwa kama ukili, kila kozi ikitegemea zilizotangulia za upande wa pili. Afrika Mashariki si ngeni kwa majirani wa mpango huu: Chuo Kikuu cha Makerere kina shahada ya uchumi unaotumia mbinu za kiidadi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uchumi na takwimu. Makala haya yanahusu aina ya tatu, kwani ndiyo pekee inayoleta faida ambayo mwanafunzi hawezi kuipata kwa kusoma somo moja na kuazima vitabu vya jingine.

Aina hii ndiyo ngumu kupanga, na ugumu wake unaanza na hesabu. Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini Tanzania, shahada ya kwanza ya miaka mitatu hudai krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ikiwa ni pamoja na mihadhara, semina na kujisomea. Hizo ni saa 3,600. Shahada mbili kamili zingehitaji saa 7,200. Kwa hiyo nusu ya kila shahada lazima iachwe, na swali la mpangaji ni: nusu ipi? Anayeacha kozi za mwisho tu atapata mhitimu aliyesoma utangulizi wa mambo mawili. Anayeacha kozi za mwanzo atapata mwanafunzi anayejenga paa pasipo kuta.

4.0 Mfuatano wa Dhana

Ili kuonyesha maana ya mfuatano wa dhana, tuchukue mfano mwepesi. Mwokaji wa mikate ana gharama za siku zinazofuata fomula hii, ambapo M ni idadi ya mikate na G ni gharama kwa shilingi:

G = 5,000 + 400M + 10M²

Akioka mikate 10, gharama yake ni shilingi 10,000. Akioka 11, gharama ni shilingi 10,610. Sasa tuulize: mkate mmoja zaidi unagharimu kiasi gani? Mwanafunzi asiyesoma uchumi huenda akagawa 10,000 kwa 10 na kujibu shilingi 1,000. Huo ni wastani, nao haujibu swali. Mhadhiri wa uchumi wa mwaka wa kwanza atatoa 10,000 katika 10,610 na kusema shilingi 610. Mhadhiri wa hisabati atatafuta kasi ya badiliko la G pale M inapokuwa 10. Fomula yake ni 400 + 20M, na jibu ni shilingi 600. Wote wawili wako sahihi. Wa kwanza anapima hatua nzima ya mkate mmoja. Wa pili anapima mwelekeo wa gharama katika nukta ile ile, kana kwamba mkate ungeweza kuongezwa kwa vipande vidogo mno. Katika kiwanda cha mikate 10,000 tofauti ya aina hii haina uzito. Kwa mwanafunzi anayeanza, ambaye amepata “kosa” katika idara moja kwa jibu lililopewa alama katika idara nyingine, tofauti hii ni kubwa sana. Mpango mzuri humfundisha hatua ya 610 kwanza, kisha hatua ya 600, na humweleza waziwazi jinsi ya kwanza inavyokaribia ya pili.

Ugumu huongezeka kadiri mwanafunzi anavyopanda. Nadharia ya uchaguzi wa mnunuzi, inayofundishwa mwaka wa pili, huuliza jinsi mtu mwenye bajeti maalumu atakavyoigawa ili apate ridhaa kubwa kuliko zote. Njia ya kawaida ya kujibu ni ile ya Lagrange, inayotafuta kilele chini ya sharti. Njia hiyo inahitaji kalkulasi ya vigeu vingi. Katika rasimu tuliyoitaja, kozi ya uchumi iliwekwa muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, na kalkulasi hiyo muhula wa pili. Kwa kuwa safu zilikuwa mbili, hapana aliyeziona zikipishana.

Kosa hili si la makaratasi tu. Mwandishi anamkumbuka mwanafunzi mmoja, wa chuo kingine, aliyekuja ofisini kwake kuomba msaada wa Kiingereza. Alikuwa miongoni mwa bora katika hisabati za mwaka wa kwanza. Katika uchumi wa mwaka wa pili aliandikiwa ubaoni njia ya Lagrange na kuambiwa kwamba maelezo yake atayapata kwa wanahisabati. Aliikariri. Mtihani ulipouliza hali ambamo mnunuzi halazimiki kuitumia bajeti yote, alichokikariri hakikumfaa, akashindwa. Alisadiki kwamba tatizo lake ni Kiingereza. Tuliposoma swali pamoja ilibainika kwamba alilielewa kila neno lake. Alichokosa ni dhana ambayo hakuna mtu aliyekuwa bado amemfundisha. Mwishoni mwa mwaka aliiacha shahada ya pamoja. Methali ya mshika mbili ilitajwa kuwa ndiyo sababu, lakini hakushindwa kwa kushika mbili. Alipewa ya pili kabla ya ya kwanza.

Kwa upande wa juu kabisa, uchumi wa kinadharia unategemea hisabati ambayo haionekani kuwa na bei wala bidhaa ndani yake. Mwaka 1950 John Nash alithibitisha kwamba mashindano ya aina fulani huwa na msawazo, na mwaka 1954 Kenneth Arrow na Gérard Debreu walithibitisha jambo linalofanana na hilo kuhusu uchumi mzima wenye masoko mengi. Uthibitisho wa aina hii husimama juu ya nadharia za nukta isiyohama, zinazosema kwamba, chini ya masharti maalumu, ukizisogeza nukta zote za umbo fulani, iko angalau moja itakayobaki mahali pake. Anayetaka kuusoma uthibitisho huo, badala ya kuuamini tu, sharti awe amesoma mantiki, seti na uchanganuzi wa kihisabati. Kozi hizi ndizo wapangaji huziondoa kwanza, kwa madai kwamba hazina matumizi. Kwa mhitimu anayetaka kuendelea na shahada za juu za uchumi, hizo ndizo zitakazomfungulia mlango.

5.0 Maneno Yanayovuka Mpaka

5.1 Kazi Tatu za Alama ya Sawasawa

Katika Kiswahili, neno dogo “ni” hufanya kazi zaidi ya moja. Tunaposema “Asha ni mwalimu” tunamweka Asha katika kundi. Tunaposema “mwalimu wetu ni Asha” tunamtambulisha mtu mmoja. Msemaji wa Kiswahili hajikwai, kwa kuwa muktadha humwongoza. Alama ya sawasawa katika uchumi ina tabia kama hiyo, ila mwanafunzi anayetoka darasa la hisabati hana muktadha wa kumwongoza. Tuangalie mistari mitatu, ambamo P ni pato la taifa, T ni matumizi ya kaya, U ni uwekezaji na S ni matumizi ya serikali, na tumeacha biashara ya nje kwa ajili ya wepesi:

(a) P = T + U + S
(b) T = 20 + 0.75P
(c) U = 30, S = 50

Kwa mwanahisabati hii ni milinganyo ya kutatuliwa. Akiweka (b) na (c) ndani ya (a) anapata P = 400, na akiongeza S kwa 10 anakuta P imeongezeka kwa 40. Amemaliza. Kwa mwanauchumi kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu alama zile hazisemi kitu kimoja. Mstari wa (b) ni nadharia-tete kuhusu tabia za watu; data inaweza kuukanusha. Mstari wa (c) ni uamuzi au dhana tuliyoichukua. Mstari wa (a) ndio mgumu. Katika hesabu za taifa ni fasili: bidhaa ambazo hazikuuzwa na kubaki ghalani huhesabiwa kuwa ni uwekezaji, kwa hiyo pande mbili haziwezi kutofautiana, iwe uchumi uko katika hali nzuri au mbaya. Lakini ili jibu la 400 liwe na maana, (a) lazima isomwe kama sharti la msawazo: U iwe ni uwekezaji uliokusudiwa tu, na usawa upatikane pale ambapo hakuna aliyebaki na mzigo asioutaka. Alama ni ileile, herufi ni zilezile, na kauli ni mbili. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo atauliza, na ana haki ya kuuliza, inawezekanaje jambo ambalo ni kweli daima litumike kutafuta hali ambayo hutokea mara chache.

5.2 Mahitaji na Haja

Neno la pili ni “mahitaji”. Katika Kiswahili cha kila siku mahitaji ni vitu ambavyo mtu hawezi kukaa bila navyo. Katika uchumi neno hilo limepewa maana ya kiasi ambacho wanunuzi wako tayari, na wana uwezo, kununua kwa bei fulani. Kijiji ambacho watoto wake hawana madaftari, kwa lugha ya kila siku, kina mahitaji makubwa ya madaftari. Kwa lugha ya mwanauchumi, iwapo wazazi hawana fedha, mahitaji ya madaftari katika soko la kijiji hicho ni madogo, pengine ni sifuri. Tufikirie basi mhitimu wetu akiandika ripoti kwa Kiswahili kwamba “mahitaji ya madaftari ni madogo”, na ofisa wa wilaya akaisoma kwa maana ya nyumbani. Fomula haina kosa, sarufi haina kosa, na watoto watakosa madaftari. Pendekezo letu ni kwamba “haja” itumike kwa maana ya kwanza, na kwa maana ya pili isemwe daima “mahitaji ya soko”, bila kukata mkia wake.

5.3 Mhimili wa Bei

Tatizo la tatu si la neno bali la picha. Mwanahisabati huweka kigeu kinachotangulia katika mhimili wa ulalo, na kile kinachokifuata katika mhimili wa wima. Wanauchumi, kwa kufuata desturi ya Marshall, huweka bei katika mhimili wa wima na kiasi katika ule wa ulalo, ingawa husema kwamba bei ndiyo inayoongoza kiasi. Kwa hiyo fomula K = 100 − 2B, ambapo K ni kiasi na B ni bei, ina mteremko wa −2 katika darasa moja na wa −½ katika darasa la pili. Hatupendekezi desturi hii ivunjwe, kwa kuwa vitabu vyote vimeifuata. Tunapendekeza itajwe, katika mhadhara wa kwanza, na wahadhiri wa pande zote mbili.

6.0 Mpango Unaopendekezwa

Kutokana na yaliyotangulia, tunaweza sasa kuchora mfano wa mpango wa kozi 24, kila kozi krediti 15. Kozi 10 ni za hisabati, 10 ni za uchumi, na nafasi 4 ni za pande zote mbili.

Mwaka wa kwanza. Hisabati: Kalkulasi I, Kalkulasi II, aljebra ya mstari, na mantiki na uthibitisho. Uchumi: misingi ya uchumi wa kaya na kampuni, na misingi ya uchumi wa taifa zima. Za pamoja: stadi za mawasiliano, na kompyuta na data. Uzito umewekwa makusudi upande wa hisabati, kwa kuwa uchumi wa mwaka wa pili utaudai.

Mwaka wa pili. Muhula wa kwanza: kalkulasi ya vigeu vingi, uwezekano, historia ya uchumi wa Afrika Mashariki, na uchumi wa taifa zima, hatua ya pili. Muhula wa pili: uchanganuzi wa kihisabati, takwimu, uchumi wa kaya na kampuni, hatua ya pili, na uchumi wa umma. Msomaji ataona kwamba njia ya Lagrange sasa inafundishwa na wanahisabati muhula mmoja kabla ya kutumiwa na wanauchumi, na kwamba uwezekano umetangulia takwimu.

Mwaka wa tatu. Hisabati: milinganyo ya mabadiliko, na mbinu za kutafuta kilele chini ya masharti, pamoja na ile ya Kantorovich. Uchumi: ekonometriki, uchumi wa maendeleo, fedha na benki, na kozi moja ya hiari. Nafasi mbili zilizobaki ni za tasnifu fupi yenye krediti 30. Ekonometriki imekuja mwisho kwa sababu inahitaji aljebra ya mstari, uwezekano na takwimu kwa pamoja. Kuifundisha mapema ni kumfundisha mwanafunzi kubonyeza vitufe.

Mambo matatu ya ziada yanastahili kutiliwa mkazo. Kwanza, tasnifu isimamiwe na wahadhiri wawili, mmoja kutoka kila idara, na iwe na sura moja ambamo mwanafunzi anaeleza matokeo yake kwa Kiswahili kinachoeleweka kwa msomaji asiye mtaalamu. Sura hiyo ndiyo tafsiri ambayo Marshall aliidai. Pili, ratiba ya mihadhara itungwe na idara mbili zikiwa zimeketi meza moja, maana mfuatano mzuri wa dhana hausaidii kitu iwapo kozi mbili za lazima ziko saa moja katika majengo mawili. Tatu, awepo mhadhiri mmoja anayewajibika kwa shahada nzima. Mtoto wa idara mbili asiye na mlezi anayejulikana hulala njaa katika nyumba mbili.

7.0 Mlango wa Kuingilia

Mpango huu unadhani kwamba mwanafunzi anaanza akiwa na hisabati ya kutosha, na hapa kuna swali la haki. Waliotoka tahasusi ya EGM wamesoma uchumi na hisabati ya juu. Waliotoka PCM wana hisabati bila uchumi; hao watajaza pengo katika mwaka wa kwanza, kwani misingi ya uchumi huanzia mwanzo. Waliotoka HGE wamesoma uchumi, lakini hisabati yao ni ile tumizi ya msingi iliyo somo la ziada. Kuwaambia hao wa mwisho kwamba mlango uko wazi, kisha kuwaweka katika Kalkulasi I pamoja na waliotoka PCM, si ukarimu. Ama sharti la hisabati ya juu litajwe waziwazi katika kitabu cha udahili, ama iandaliwe kozi ya daraja kabla ya muhula wa kwanza. Njia ya tatu, yaani kunyamaza, ndiyo inayozalisha wanaoacha masomo mwaka wa pili.

Kwa wote, faharasa ya istilahi ni sehemu ya mlango huo. Watanzania wengi wanaofika chuo kikuu wamejifunza “mlinganyo”, “asilimia”, “wastani” na “grafu” kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha wakahamia Kiingereza katika sekondari. Maneno hayo ya kwanza bado yako vichwani mwao na ndiyo wanayoyatumia wanapoelezana wao kwa wao nje ya darasa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kuonyesha njia mwaka 1990 ilipotoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Faharasa ya shahada hii haihitaji kuwa kubwa kama hiyo. Maneno mia moja yanatosha, ilimradi kila neno liwe na mambo manne: fasili yake katika hisabati, fasili yake katika uchumi, kozi linamofasiliwa kwa mara ya kwanza, na kozi linamotumiwa kwa mara ya kwanza. Pale ambapo safu ya nne inatangulia ya tatu, mtalaa una kosa, na kosa hilo limeonekana kabla halijamgharimu mtu mwaka wa masomo.

8.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba shahada ya pamoja ya uchumi na hisabati inawezekana, kwamba gharama yake ni nusu ya kila taaluma, na kwamba nusu inayobaki lazima ichaguliwe kwa kufuata mtiririko wa dhana badala ya usawa wa idadi. Aidha tumeonyesha kwamba maneno na alama zinazovuka kutoka idara moja kwenda nyingine hubadilika maana njiani, na kwamba madhara yake humpata kwanza mwanafunzi, kisha raia atakayesoma ripoti yake.

Kamati tuliyoianza nayo ilipelekewa faharasa ya maneno mia moja. Wajumbe walipoisoma safu ya tatu na ya nne, waliirudisha rasimu ya mtalaa mezani na kuipanga upya wao wenyewe. Mwanaisimu hakuongeza wala kupunguza kozi hata moja. Hatudai kwamba kila idara ya uchumi iajiri mwanaisimu. Tunashauri tu kwamba wapangaji wa shahada za pamoja, kabla ya kuhesabu krediti, waketi na orodha ya maneno watakayoyatumia na waulizane, neno kwa neno, nani atamfundisha mwanafunzi maana yake, na lini.